Uzazi wa mpango kwenye zahanati za Dar: huduma inavyofanya kazi, inapokwama, na diwani wa kumpa kura

Huduma ya uzazi wa mpango inayotolewa bure na zahanati na vituo vya afya vya serikali Dar es Salaam ni bora kuliko inavyosemwa mitaani, ila ubora wake uko upande mmoja. Mwanamke anayekwenda kuanza sindano au kuwekewa kijiti cha homoni chini ya ngozi ya mkono mara nyingi huhudumiwa siku hiyohiyo. Anayetaka kijiti kitolewe, au anayetaka kubadili njia kwa sababu damu haikatiki, ndiye anayezungushwa. Na ukifuatilia chanzo cha mzunguko huo, mara chache utaishia kwa nesi. Utaishia kwenye bajeti ya halmashauri, ambayo inapitishwa na madiwani. Kwa hiyo tunaipima hapa huduma yenyewe, halafu tunawapima wanaoomba kura kwa kutumia mapungufu yake.

Kwanza tujue nani ana mamlaka wapi. Mkoa una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kwa sensa ya 2022 mkoa mzima ulikuwa na watu 5,383,728. Zahanati na vituo vya afya vya kwenye kata viko chini ya halmashauri hizo. Hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Mwananyamala na Temeke, ziko chini ya Wizara ya Afya. Ukimbana diwani kwa foleni ya Amana umempa upenyo wa kusema hilo si lake, na atakuwa amesema kweli. Mbane kwa zahanati ya kata yako.

Sasa huduma. Kliniki ya mama na mtoto inafunguliwa saa 1:30 asubuhi na zahanati nyingi zinafunga saa 9:30 alasiri siku za kazi. Nenda asubuhi, mchana nesi yuleyule anaweza kuwa kwenye chanjo au kwenye chumba cha kujifungulia. Mteja mpya anapewa ushauri, anapimwa uzito na presha, anaulizwa historia yake, anachagua njia, anaandikiwa kadi yenye tarehe ya kurudi, na jina lake linaingia kwenye rejesta namba 8 ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya. Nenda ukiwa unajua mambo matatu: siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, dawa zote unazotumia, na umri wa mtoto unayemnyonyesha kama yupo. Hilo la dawa lisipuuzwe. Rifampicin ya kifua kikuu na efavirenz ya VVU zinapunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge, wakati sindano na kitanzi (kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi) haviathiriki. Na presha ikifika 140/90 au zaidi, vidonge vyenye homoni mbili havikufai. Unapewa njia nyingine.

Kuna sentensi moja inayowarudisha nyumbani wanawake wengi bila sababu ya kitaalamu: "Njoo ukiwa kwenye siku zako." Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hausemi hivyo. Mtoa huduma anatakiwa kuridhika kuwa mteja hana mimba, basi. Yapo maswali sita ya kumsaidia. Je, hedhi imeanza ndani ya siku 7 zilizopita? Umejifungua ndani ya wiki 4 zilizopita? Mimba imetoka ndani ya siku 7 zilizopita? Mtoto wako yuko chini ya miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee, na wewe hujaona hedhi? Hujakutana kimwili na mwanaume tangu hedhi ya mwisho? Au umekuwa ukitumia njia nyingine ya uhakika kwa usahihi? Jibu la ndiyo kwa swali moja tu, bila dalili za mimba, linatosha kuanza siku hiyo. Majibu yote yakiwa hapana, kuna kipimo cha mkojo. Tatizo linaanzia hapo: kipimo hicho kinanunuliwa kwa fedha za kituo, na kikiisha, nesi anabaki na sentensi yake ileile. Tunaikumbuka hoja hii tukifika kwa diwani.

Kuhusu njia zenyewe tutapita haraka isipokuwa kwa kijiti. Sindano ni ya kila miezi mitatu, na ukichelewa hadi wiki nne bado unaweza kuchomwa bila kuanza upya. Kitanzi cha shaba kinakaa hadi miaka kumi au zaidi na hakina homoni, lakini kinahitaji kitanda chenye mwanga mzuri, vifaa vilivyochemshwa na nesi mwenye mazoezi, kwa hiyo zahanati ndogo huwa hazikitangazi hata kama kipo kabatini. Vidonge vinataka kumezwa kwa wakati uleule kila siku. Wanaume wana kondomu na kufunga kizazi, na hiyo ya pili inahitaji kondomu kwa miezi mitatu ya mwanzo kwa sababu mbegu zilizokwisha kupita bado zipo. P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba baada ya kukutana kimwili ambayo wasichana wengi hununua duka la dawa, inafanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 72 na inapungua nguvu hadi saa 120. Inachelewesha yai kutoka. Haitoi mimba iliyokwisha kujishika, na anayesema vinginevyo jukwaani anawatisha watu kwa jambo lisilo la kweli.

Kijiti ndicho kinachostahili maelezo marefu. Kuna cha fimbo moja, Implanon NXT, kinachopangiwa miaka mitatu, na cha fimbo mbili, Jadelle, cha miaka mitano. Kinawekwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu, kwa ganzi, na kazi yote ni ya dakika chache. Kikiwekwa ndani ya siku 7 za kwanza za hedhi kinaanza kulinda papo hapo. Kikiwekwa siku nyingine, tumia kondomu siku 7. Bandeji inakaa, kidonda kinawekwa kikavu siku chache. Matone ya damu yasiyo na mpangilio ni ya kawaida miezi ya mwanzo, na yana matibabu, lakini ushauri wa haraka wa asubuhi yenye foleni huwa unaliruka hilo. Matokeo yake mwanamke anaona damu wiki ya tatu, anadhani ameharibiwa, jirani anamthibitishia hofu yake, na anakwenda kutaka kitolewe.

Hapo ndipo huduma inapokwama. Kuweka ni rahisi: fimbo inakuja ndani ya kifaa chake maalumu, na watoa huduma wengi wamefundishwa kuweka kupitia kampeni za siku moja moja. Kutoa ni upasuaji mdogo. Nesi apapase akipate kijiti, apake dawa ya kuua vijidudu, achome ganzi chini ya ncha ya kijiti (akiichoma juu kinazama), achane ngozi milimita mbili au tatu, akisukume kwa kidole mpaka ncha itokeze, akikamate kwa koleo dogo la upasuaji na kukivuta. Anahitaji glovu tasa, lidokeini (dawa ya ganzi), sindano, wembe wa upasuaji, koleo dogo lililonyooka na lililopinda, pamba tasa na bandeji. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, mteja anaambiwa aje wiki ijayo. Kijiti kilichowekwa kwa kina hakipapasiki. Hicho hakitakiwi kutafutwa kwa kuchokonoa. Mteja anapelekwa hospitali yenye ultrasaundi, kwa rufaa ya maandishi.

Sababu tatu ndizo zinazorudiwa kila mahali: hakuna seti ya kutolea, aliyefundishwa kutoa amehamishwa, au lidokeini imeisha. Zote zina bei na zote zinaweza kupangwa. Kumnyima mwanamke kutolewa kijiti akiomba, au kumwambia "vumilia mpaka miaka itimie", ni kumnyima haki ya uzazi sawa na kumnyima kijiti chenyewe. Na jirani zake wakisikia kwamba kuingia ni rahisi na kutoka ni kazi, hawataingia. Hakuna propaganda inayoua huduma hii kama hiyo. Vilevile, kutoa ni bure kama kuweka. Ukiambiwa ulipie, omba stakabadhi ya mfumo wa malipo ya serikali. Mara nyingi ombi hilo linamaliza mazungumzo.

Faragha ni dhaifu. Chumba kimoja kinahudumia wateja wawili, pazia halifiki chini, na jina linaitwa kwa sauti barazani pamoja na alichokuja kufanya. Kwa mke ambaye nyumbani hajasema, au binti wa miaka 17 ambaye mamake mdogo yuko kwenye foleni ya chanjo, hilo linatosha kumfanya asirudi. Mwongozo wa taifa wa uzazi wa mpango unampa huduma kila aliye katika umri wa kuzaa, kijana naye akiwemo, bila kujali ndoa au idadi ya watoto, na hauhitaji ruhusa ya mume. Swali la "mumeo amekubali?" halina msingi wowote rasmi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kupata mimba. Wanaosema elimu ya uzazi inaharibu mabinti wajue kuwa hao hawakupewa mimba na elimu hiyo.

Upatikanaji wa bidhaa umekuwa jambo zito zaidi tangu 2025. Vijiti, sindano na vidonge huingia nchini kwa kiasi kikubwa kwa fedha za wafadhili, vinahifadhiwa Bohari ya Dawa, na vituo vinaagiza kwa fomu ya taarifa na maombi. Marekani ilisimamisha misaada Januari 2025 na shirika lake la USAID likafungwa Julai mwaka huohuo. Shehena ya dawa za uzazi wa mpango iliyokwisha kulipiwa ilikwama ghalani Geel, Ubelgiji. Kwa hesabu ya IPPF, shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango ambalo asasi ya Tanzania ya UMATI ni mwanachama wake, Tanzania peke yake ilikuwa ikisubiri humo zaidi ya sindano milioni moja na vijiti 365,100, sawa na asilimia 28 ya mahitaji ya nchi kwa mwaka. Diwani wa Mbagala au Kimara hawezi kuifungua shehena ya Geel. Anaweza kuhakikisha kwamba maombi ya zahanati yake yanakwenda kwa wakati na kwa takwimu sahihi, kwa sababu kituo kinachoandika matumizi pungufu kinaletewa pungufu, na kwamba mfamasia wa halmashauri anahamisha akiba kutoka kituo chenye ziada kwenda kilichoishiwa kabla dawa hazijaisha muda.

Jambo moja zaidi kabla ya siasa, kwa sababu linaua. Kutoa mimba ni kosa chini ya vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu, na kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Lakini matibabu baada ya mimba kuharibika, iwe imetoka yenyewe au vipi, ni huduma halali inayotolewa na vituo vya serikali. Damu inayolowesha pedi mbili kwa saa kwa saa mbili mfululizo, homa, uchafu wenye harufu, kizunguzungu au maumivu makali ya tumbo: nenda sasa hivi, usisubiri asubuhi. Namba 115 haina gharama, na ndiyo inayotumiwa na mfumo wa m-mama kuwatafutia usafiri wajawazito na waliojifungua wanapopata dharura. Anayechelewa kwa kuogopa maswali ndiye anayefika akiwa ameishiwa damu.

Sasa wagombea. Diwani anakaa kwenye Baraza la Madiwani linalopitisha bajeti na Mpango Kabambe wa Afya wa halmashauri. Ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Anaweza kumhoji Mganga Mkuu wa halmashauri kwenye kikao na akajibiwa kwa maandishi. Hawezi kubadili Kanuni ya Adhabu wala Sheria ya Ndoa ya 1971. Hiyo ni kazi ya Bunge. Mgombea udiwani anayeahidi kubadili sheria hajui kazi anayoiomba, hata kama moyo wake uko mahali sahihi. Tunamwunga mkono yule anayejua kiasi cha lidokeini kilichokosekana kata kwake robo iliyopita, au walau anayekubali kwenda kukihesabu.

Maswali yetu kwake ni machache na yanajibika. Mheshimiwa, zahanati ya kata yetu ina seti ngapi za kutolea vijiti, na ni watumishi wangapi wanaojua kutoa? Katika mapato ya ndani ya halmashauri utaombea fedha kiasi gani za glovu, ganzi na vipimo vya mimba? Utakubali kliniki ya vijana mara moja kwa wiki baada ya saa za shule, au Jumamosi asubuhi? Binti aliyejifungua akirudi shule, kama Waraka wa Elimu wa 2021 unavyomruhusu, utamfuatilia mwalimu mkuu anayemkataa? Asiyejua takwimu si wa kukataliwa hapohapo. Mpe wiki mbili arudi na jibu. Wa kukataliwa ni anayejibu kwa hotuba, na anayesema uzazi wa mpango unaharibu mabinti halafu hana neno juu ya ile asilimia 22.

Wapo wanaoahidi jengo. Jengo jipya linapigwa picha, linakatwa utepe, na linabaki na nesi mmoja. Tunapendelea anayeahidi watumishi wa mkataba kwa mapato ya ndani, pazia refu, kabati la kufungwa na umeme wa kuchemshia vifaa. Havivutii jukwaani, lakini bila hivyo kijiti hakitoki. Tunawapendelea pia madiwani wa viti maalumu ambao wamewahi kuleta hoja ya afya ya uzazi na ikaandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Wengi hupuuzwa kwa sababu hawana kata yao, ilhali kwenye kamati inayoshughulikia afya wao ndio husukuma. Jinsia peke yake haitoshi: yuko diwani mwanamke ambaye hajawahi kufungua mdomo juu ya hili, na yuko mwanaume anayefuatilia kila robo. Tazama muhtasari.

Na hoja yako inafikaje kwenye muhtasari huo? Vikao vya kawaida vya Baraza la Madiwani hufanyika kila robo mwaka na viko wazi kwa wananchi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mapendekezo ya bajeti yanajadiliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa hiyo hoja ya lidokeini inayoletwa Mei imechelewa. Iandike Oktoba au Novemba, kwenye Kamati ya Usimamizi ya kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwa wakazi na ndiyo inayoidhinisha mpango wa matumizi wa kituo. Iandike kwa bei na idadi. "Tunaomba huduma iboreshwe" haiingii kwenye jedwali la bajeti. "Seti nne za kutolea vijiti na lidokeini ya wateja 40 kwa mwezi" inaingia. Halafu peleka nakala kwa diwani, naye aisaini kuipokea. Akirudi kuomba kura, nakala hiyo ndiyo kipimo chake.

Tahadhari kwa vikundi. Asasi iliyosajiliwa kama NGO haitakiwi kuegemea chama, kwa hiyo isitangaze "mpigieni fulani". Inaweza kuwauliza wagombea wote maswali yaleyale na kubandika majibu yao kama yalivyo, kila mmoja kwa jina lake. Mwananchi mmoja mmoja na majirani zake wana uhuru wa kumpigia debe wanayemtaka ndani ya muda wa kampeni. Ndani ya vyama, kazi kubwa hufanyika mapema zaidi, kwenye kura za maoni. Mwanachama anayesubiri jina lililoteuliwa amechelewa.

Uchaguzi wa mwisho wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 27, 2024 na wa madiwani Oktoba 29, 2025, kwa hiyo unaofuata ni 2029 kwa mitaa na 2030 kwa kata. Usimdharau mwenyekiti wa mtaa: wajumbe wa kamati ya kituo na wahudumu wa afya ngazi ya jamii hupatikana kupitia mitaa. Na orodha ya wapiga kura wa mtaa si Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kuwa na kadi ya Tume ya Uchaguzi hakukuingizi kwenye orodha hiyo. Ni lazima ujiandikishe upya mtaani kwako, na dirisha ni fupi. Mwaka 2024 lilikuwa la siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20.